Kumbukumbu za Msimamizi Zilale Wapi

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaanza kulalamika kwamba nimechelewa kuandika, pokea na za jirani yangu fundi viatu, ambaye kila akiniona anauliza yule dada yako mcheshi atakuja lini tena. Nilimwambia wewe huna ucheshi wowote, siku ile ulikuwa unamcheka yeye. Akafurahi hivyohivyo. Wanaume ni watu wa ajabu.

Nimeshukuru kusikia goti lako limepungua uvimbe. Ungenisikiliza tangu mwanzo ukaacha kupanda ngazi na ndoo mbili mikononi kama kijana, lisingevimba. Mimi ni mzima, isipokuwa haya macho. Daktari amesema presha imepanda ndani ya macho yenyewe, na kwamba bila matone asubuhi na jioni, pasipo kukosa, taa zitazimika moja baada ya nyingine na haziwashwi tena. Mkono wangu unatetemeka. Nikijiwekea mwenyewe dawa inaishia shavuni, nalia bila msiba. Kwa hiyo anayeniwekea ni mjukuu wetu Sisimizi. Ndiyo maana unaona mistari hii inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Usicheke. Madarasa niliyosoma unayajua, yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kikabaki, lakini barua zangu sijawahi kumpa mtu aniandikie.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe unakatiza watu. Halafu kuta za nyumba hii ni nyembamba, Sisimizi anasikia hata nikikohoa, na ninalotaka kukueleza sitaki alisikie. Ni refu, na lina mwisho wake. Usirukeruke kurasa kama unavyofanya na magazeti. Soma kwa mpango.

Kwenye barua yako iliyopita uliniuliza mjukuu wetu anafanya kazi gani hasa pale bohari ya dawa, maana ulimwambia mtu anatengeneza redio. Hatengenezi redio. Nitakueleza kama alivyonieleza yeye, na nikikosea kosa ni lake, kwa sababu alieleza akiwa na mkate mdomoni.

Bohari ile ndiyo inayopeleka dawa kwenye zahanati zote za upande huu. Ndani yake kuna chumba cha baridi, na humo kuna mashine kubwa za chuma zilizopangwa kama makabati. Sasa ndani ya kila kabati wameumba kompyuta nyingine nyingi zisizoshikika, wanaziita mashine pepe. Nilimwambia, mwanangu, pepe ni punje isiyo na kitu ndani, mnalipwa kwa kulinda makapi? Akacheka hadi chai ikampalia. Akasema hizo zina kazi ngumu kuliko zangu: moja inapokea maombi ya dawa, nyingine inaangalia majokofu ya chanjo, nyingine inatoa hati za madereva. Ni kama nyumba moja ya kupangisha. Wapangaji wengi, kila mmoja anadhani nyumba nzima ni yake.

Juu ya wapangaji hao yuko msimamizi, naye pia ni kompyuta. Yeye ndiye anayesema wewe amka, wewe lala, wewe toka chumba hiki hamia kile chenye nafasi. Lakini msimamizi huyo, mdogo wangu, hana kumbukumbu kichwani. Yote anayoyajua, nani anakaa wapi, nani kapewa nini, nani kaumwa lini, yanatunzwa kwenye kitu kinaitwa hifadhidata. Mnyime hifadhidata yake uone: anasimama kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi.

Ugomvi ulianzia hapo. Walikuwa wanamweka msimamizi mpya, na swali likawa, hifadhidata yake ikae wapi. Ikae ndani ya kompyuta ileile anamokaa yeye, au ipewe kompyuta yake yenyewe, kwenye jengo la pili ng'ambo ya uwanja, na wawe wanaongea kwa waya.

Sisimizi alitaka wakae pamoja. Alisema ni rahisi kuiweka, ni haraka, na waya wa uwanjani umewahi kukatwa na malori. Aliyempinga ni mwenzake, mzee mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye kila sentensi anaianza kwa kusema taratibu, hadi jina lake limesahaulika na wote wanamwita Taratibu. Huyo alisema hifadhidata inakua. Leo ni kitoto, kesho inadai chumba chake, keshokutwa inamfukuza mwenye nyumba. Bora ipewe nafasi yake mapema, na wakiugua wasiugue pamoja.

Wakabishana wiki nzima. Sisimizi akawa anarudi nyumbani amenuna, anakata vitunguu kama vimemtukana. Nikamuuliza, akanieleza, na mimi, wala sikufikiri, nikamwambia mpishi mwenye akili haweki chumvi yake jikoni kwa jirani. Chumvi inakaa karibu na jiko. Ukiihitaji sufuria ikiwa inachemka, utaanza kuvuka uwanja kubisha hodi?

Kumbe mwenzangu aliyabeba maneno hayo mpaka kwenye kikao. Mkuu wao wa idara ni mwanamke mrefu anayevaa viatu visivyo na sauti, watu hawajui kafika mpaka amesimama nyuma yao. Sisimizi aliposema habari ya chumvi ya bibi yake, mkuu alicheka, na mkuu akicheka meza nzima inacheka. Ikapita. Hifadhidata ikawekwa palepale kwa msimamizi. Taratibu hakununa. Aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kila jioni kuchukua nakala ya hifadhidata na kuipeleka ng'ambo jengo la pili. Sisimizi akaruhusu, kama unavyompa mtoto mfuniko wa sufuria achezee. Akawa anamtania kwamba anaipeleka hifadhidata matembezi ikapunge upepo.

Mimi nilivimba kichwa, nakuambia ukweli. Nilimwambia fundi viatu kwamba nimeamua jambo bohari. Akaniuliza jambo gani, nikamwambia hataelewa.

Sasa sikiliza alichofanya mtoto huyu, maana hakuna mwingine duniani angekosea hivyo ila aliyelelewa katika nyumba hii. Hifadhidata ikiwekwa inauliza maswali. Ilimuuliza, kumbukumbu za zamani nizitunze kwa muda gani kabla ya kuzitupa. Mtu mwingine angejibu mwezi, au mwaka akiwa na wasiwasi sana. Sisimizi akajibu, usitupe kitu.

Nakuona unavyocheka. Unalijua kabati langu. Chupa za jamu, kamba za vifurushi, vifungo vya makoti ambayo makoti yenyewe yalishakuwa matambara ya kupigia deki. Huyu mtoto tangu mama yake afariki na baba yake aende kuanza maisha mengine, amekulia mbele ya kabati hilo akisikia kila siku, usitupe, kitakufaa kesho. Basi akaipa hifadhidata sheria ya kabati langu. Kila mashine iliyokohoa, ikaandikwa. Kila iliyopiga chafya, ikaandikwa. Kila pumzi, kila dakika, ya kila mpangaji, ikawekwa na haikutoka.

Asubuhi moja alifika kazini, akafungua kwenye kompyuta yake ukurasa wa msimamizi, ukawa mweupe mtupu. Akabonyeza tena, mweupe. Hifadhidata ilikuwa imejaa mpaka ikagusa dari. Haikuwa na nafasi ya kuandika hata mstari mmoja, na msimamizi aliyekuwa chumba kimoja nayo alikosa hata pa kuvutia pumzi. Walianguka pamoja, tangu jana yake.

Tangu jana yake, umesikia? Na hakuna mtu bohari nzima aliyejua! Majokofu yalilindwa, maombi ya dawa yalipokelewa, kila mpangaji alifanya kazi yake kana kwamba msimamizi yupo. Aliponieleza hapo nilikasirika kwa niaba ya marehemu. Nilisema huo ni utovu wa adabu, msimamizi anaanguka na hakuna hata mmoja anayeuliza habari zake. Sisimizi akasema ndivyo zilivyotengenezwa, ili akianguka yeye kazi isianguke. Nikasema hiyo ni dharau. Akasema, hapana Bibi, hiyo ni sifa. Nikaondoa vikombe, lakini neno hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki.

Kilichowaumbua ni ile mashine ya hati za madereva. Ilisimama yenyewe, kama zinavyosimama mara mojamoja, na hakukuwa na msimamizi wa kuiambia amka. Malori yamejaa dawa, hayana hati, hayawezi kutoka. Madereva wakaanza kupiga honi uwanjani na kusema mambo ambayo Sisimizi alikataa kuyarudia mezani kwangu. Taratibu ndiye aliyeingia kwenye ile mashine kubwa ya chuma yenyewe, kwa mlango wa nyuma, akaiamsha kwa mkono. Malori yakatoka, yamechelewa lakini yametoka.

Lakini Sisimizi alikuwa ameshatahayari, na mtu aliyetahayari mikono yake inakimbia kuliko kichwa. Akaamua kuipunguzia hifadhidata mzigo upesi kabla mkuu wa viatu vya kimya hajatokea. Akafuta. Akafuta tena. Alipofuta mara ya tatu akafuta kisichofutwa. Pumzi na chafya zote zilibaki palepale. Yale yaliyoondoka ndiyo ya maana, ya nani anakaa wapi na kapewa nini. Kumbukumbu zote za msimamizi, yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Alinyanyuka akaenda kusimama mbele ya meza ya Taratibu. Akasema nimezifuta zote. Taratibu alimwangalia, akasema taratibu mwanangu, vuta kiti, ya jana jioni ninayo.

Wakavuka uwanja. Nakala iliyokuwa inapelekwa matembezi ilikuwa kule imelala salama. Wakaipa kompyuta kubwa kulekule jengo la pili, Sisimizi akaiweka kwa mikono yake mwenyewe, wakavuta waya wa pili ili ukikatwa mmoja ubaki mmoja, na msimamizi akazinduka akaanza kuulizia watu wake kama mtu aliyetoka kwenye homa. Yale machache yaliyofanyika msimamizi akiwa ameanguka, Sisimizi akaketi kuyaandika moja moja mpaka saa za kazi zikaisha. Na safari hii ilipomuuliza itunze kwa muda gani, akajibu kama watu wenye akili zao.

Kesho yake kikaitwa kikao. Hapo ndipo pa hatari, maana alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na kila mtu alijua angeweza kulaumu kompyuta ndogo, au malori, au aliyeuza vyombo. Mtoto huyu akasimama akasema mahali pa kuiweka nilipachagua mimi, kutotupa kitu niliagiza mimi, na kufuta nilifuta mimi. Kisha akaeleza hatua kwa hatua, bila kujipaka mafuta, nini kifanywe ili kisitokee tena. Nilimuuliza kama aliitaja chumvi yangu. Akasema hakuitaja. Nikamwambia angeitaja, maneno yalikuwa yangu na mimi siogopi mkuu wa mtu. Akanijibu, maneno yalikuwa yako Bibi, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilijifanya nakoroga uji.

Hawakumfukuza. Mkuu alisema tu asante, keti. Nikadhani yamekwisha. Lakini baada ya hapo Sisimizi akabadilika, na mimi mtu akibadilika ndani ya nyumba yangu najua kabla yeye hajajua. Akawa mwema. Wema gani huo! Ananiletea soksi sijaomba. Anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nikimgombeza hajibu. Huyu, ambaye tangu akiwa mdogo hajawahi kuniachia neno la mwisho! Nikasema moyoni ama ni mjamzito ama ameiba.

Jumamosi akiwa ametoka kununua mahitaji, hodi ikabishwa. Mzee mwenye ndevu nyeupe kama unga, kofia mkononi, ananiamkia shikamoo kana kwamba nimemzidi miaka mia. Nikajua ni yeye kabla hajasema taratibu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama kiti ni cha kukodi. Akaniambia kazini wananijua, wananiita Bibi wa Chumvi. Nikamuuliza wanasema hivyo kwa heshima au kwa kejeli. Akafikiri, akasema kwa woga. Nikampenda hapohapo.

Nikamwambia chai utaipata, lakini hukuja kwa chai, toa ulicho nacho. Akasema taratibu mama, nimekuja bila kutumwa, na mwenyewe akijua atanikasirikia. Kumbe makao makuu, kule mbali ambako basi linatumia siku nzima, wanataka bohari zote za nchi zipangwe kama hii ilivyopangwa sasa, msimamizi huku na hifadhidata yake kule. Wanatafuta mtu wa kuongoza kazi hiyo, kukaa kulekule mwaka au zaidi, na cheo. Mkuu wa viatu vya kimya alimuuliza Taratibu ampeleke nani, Taratibu akamtaja Sisimizi. Na Sisimizi alikataa palepale aliposimama. Alisema ana bibi. Wamempa mpaka Ijumaa abadili mawazo, baada ya hapo linaandikwa jina la mtu mwingine.

Mdogo wangu, nimeitwa mengi katika maisha yangu, na mengine umeniita wewe. Lakini sijawahi kufanywa kisingizio, kama mvua.

Nikamuuliza huyo mzee, wewe una faida gani katika hili, si ndiye aliyekushinda kwenye kikao akakucheka na nakala zako? Akasema amefundisha vijana wengi kazi ya kompyuta, na kazi inafundishika. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema kosa ni langu hajaweza kumfundisha mtu hata mmoja, na huyu alikuja nalo kutoka nyumbani. Nikamwongezea chai, na sukari pia.

Sisimizi aliporudi sikumpa hata nafasi ya kutua kikapu. Nilimwambia mimi si kiwete, si mtoto, wala si mzigo wa kuwekwa kwenye barua ya kukataa kazi. Nilimwambia nimelea watoto, nimezika mume, nimejenga nusu ya nyumba hii kwa kubeba mchanga, na leo msichana aliyekuwa analamba mwiko wangu ananiombea ruhusa kwa mkuu wake! Akaweka kikapu chini taratibu, kama yule mzee wake, akasema sawa Bibi, umemaliza? Nikasema bado. Akasema basi ukimaliza unijibu moja tu, nikiondoka nani atakuwekea matone?

Nikasema nitajiwekea. Akachukua kichupa akanipa, akasema weka nione.

Niliweka kichwa nyuma, nikainua mkono. Tone la kwanza likaingia sikioni. La pili lilidondoka kwenye nguo. La tatu sijui lilikokwenda. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alikaa akiniangalia, na machozi yakawa yanamtoka yeye asiye na ugonjwa wa macho.

Sasa shika kiti, tumefika kwenye jambo lenyewe.

Nilimwambia wewe unakuja.

Nilisema tumekwisha kupatana siku nyingi, mimi na wewe, na kwamba nilikuwa nangoja tu wakati mzuri wa kumweleza. Nilisema umechoka na zile ngazi zako na unataka kuja kukaa na mimi. Nilisema umeshaanza kufunga mizigo. Ulimi ulikuwa umeshaondoka, nikaufuata nyuma nikihema. Nilisema hata kwamba ulinililia nikukubali, na mimi nikajifanya nafikiri. Akaniuliza, Bibi mdogo anakuja kweli? Si alisema hatalala tena chini ya paa lako kwa sababu unapangia watu hadi soksi? Nikamjibu watu wanabadilika. Akauliza nani kabadilika, wewe au yeye? Nikamwambia aache ufedhuli.

Jumatatu akaenda akakubali. Alirudi anaruka kama alivyokuwa mdogo, hadi sufuria zikalia rafuni. Amenunua begi. Anaondoka mwisho wa mwezi huu, na kila siku ananiuliza Bibi mdogo kasema atafika lini, nami kila siku namjibu uko kwenye maandalizi.

Kwa hiyo ndivyo hali ilivyo. Umeshakuja, isipokuwa hujui.

Najua unavyofikiri. Unafikiri kuna mpwa wa fundi viatu anayeweza kuja asubuhi na jioni akaweka tone na kwenda zake. Yupo kweli, na mkono wake hautetemeki. Nilimfikiria. Ningeweza kumwambia Sisimizi habari ya huyo badala ya kukutaja wewe, na usingekuwa uongo. Lakini nilipofungua mdomo lilitoka jina lako, na nimekaa na jambo hilo tangu Jumamosi nikiligeuza. Nakuambia wewe peke yako, na ukimwambia mtu nitakukana mbele ya watu. Matone si kitu. Naogopa nyumba tupu. Juzi Sisimizi alichelewa kurudi kazini, nikazunguka vyumba vyote nikitafuta cha kugombeza, na hakukuwa na kitu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikaketi. Sijawahi kujua saa ya ukutani ina kelele kiasi kile.

Yule msimamizi wao, wapangaji wake walifanya kazi siku nzima bila yeye, na mtoto akaniambia hiyo ni sifa. Nimejaribu kuiona sifa hiyo. Ninaiona kwa Sisimizi, maana ataenda kule na ataweza, hahitaji sauti yangu nyuma ya sikio. Kwangu mwenyewe bado siioni. Labda utanisaidia kuiona, au labda utanicheka, vyote nitavipokea.

Mimi sitabadilika, umri huo umepita. Nitakuambia umekata vitunguu vibaya, na utakuwa umekata vibaya. Lakini chumba cha upande wa jua nimekifagia, nimetoa chupa zangu zote zilizokuwa mle, nimezitupa, usiniulize ngapi maana inaniuma. Mlango wake una kufuli, na ufunguo utakaa kwako, mimi sitakuwa na wa pili. Soksi zako zipange unavyotaka. Zitupe sakafuni. Nitafumba macho, nayo macho yenyewe unajua yalivyo.

Kama huwezi kuja kwa ajili yangu, na una haki, njoo kwa ajili ya mtoto. Akigundua kwamba nilimdanganya atalirudisha lile begi dukani siku hiyohiyo, hutamweza. Unajua kichwa chake alikitoa wapi.

Wasalimie majirani zako wa ghorofa ya juu wenye kelele, waambie wamepata nafuu, wewe unaondoka. Fundi viatu nimemwambia usiku wa jana kwamba unakuja, kwa hiyo sasa tumekwisha kudanganya mtaa mzima. Sisimizi anakusalimu sana bila kujua kwamba ninaandika, maana anaamini tunaongea kila siku.

Usinijibu kwa barua, itachelewa. Usipige simu, atasikia. Jibu kwa kushuka kwenye basi.

Ni mimi dada yako,
ambaye haombi mara mbili.